Kufuta Chapa

Wangwe alimshika Editha kidevu mbele ya watu wote, pale Nyamwaga wanapopakia ndizi, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayekagua meno ya ndama.

"Njooni muone," alisema. "Njooni, msiogope. Angalieni jicho lake, halafu angalieni langu."

Watu walisogea. Nani asingesogea? Editha alikuwa na doa la rangi ya samawati iliyokaribia weusi, limeanzia kwenye kope la jicho la kushoto na kushuka mpaka katikati ya shavu, kama mtu aliyekula ngumi jana. Alizaliwa nalo. Shuleni walimwita Ngumi. Wageni wakikutana naye njiani walimuuliza nani kampiga, naye alikuwa amefika kidato cha pili akiwa amechoka kabisa kujibu. Wangwe naye, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Kemambo, mtu wa shingo nene na sauti ya kuitia mifugo, alikuwa na doa la namna hiyohiyo, jicho lilelile la kushoto.

"Hii ni chapa yangu," Wangwe aliwaambia watu. "Nilipita kwenye nyumba ya mama yake, Winfrida, nikaacha chapa. Ndama wangu huyu, amelelewa tu kwenye zizi la jirani. Nimekuja kumchukua."

Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kucheka. Boke, bibi yake Editha, alitokea nyuma ya rundo la ndizi akiwa na mpini wa jembe, akampiga nao juu ya sikio. Hakumtisha kwanza, hakumwonya. Alimpiga kama mtu anayepasua kuni, na Wangwe alipopiga goti akampiga tena begani. Damu ilimshuka Wangwe shingoni ikaingia kwenye kola ya shati.

"Sema tena ndama," Boke alimwambia. "Sema, nikusikie vizuri."

Vijana walimshika Boke mikono. Ilibidi wawe wengi, ingawa mwanamke mwenyewe alikuwa amepita miaka sitini na mgongo umeanza kupinda.

Boke alifiwa na mume bila kuzaa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachwi azeeke mpaka boma lake liote majani. Anatoa ng'ombe anaoa mke, na nyumba hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Boke alitoa ng'ombe akamwoa Winfrida, binti wa watu wa Nyansurura kule Serengeti, msichana mkimya aliyekuwa akifanya kazi kama trekta. Wanaume wanaoingia kwenye nyumba kama hiyo huingia kama dume la kuazima. Likimaliza kazi linafukuzwa lirudi kwao, na ndama si wake. Ndivyo Boke alivyomfukuza Wangwe miaka ile, tena kwa fimbo. Baba halisi wa Editha ni nani, Boke hakuwahi kumuuliza Winfrida, na Winfrida hakuwahi kusema. Haikuhitajika. Mtoto alikuwa wa ng'ombe zilizotolewa, na ng'ombe zilikuwa za Boke.

Kwa miaka yote hiyo Wangwe hakuleta hata kipande cha sabuni. Alikumbuka kwamba ana binti siku binti alipoanza kuota maziwa. Kila mtu sokoni alijua kwamba tayari alikuwa ameshamwahidi kwa mzee mmoja tajiri wa upande wa Sirari, mwenye wake na mafuta tumboni, na kwamba ng'ombe za mahari alikuwa ameshaanza kuziota.

Mniko, mzee aliyekuwa akisimamia ritongo, yaani baraza la kijiji linaloamua mambo ya mifugo na ugomvi, aliingia kati yao. "Basi. Msiuane sokoni. Mavuno yakiisha ritongo litakaa, kila mtu aseme lake." Halafu akamvuta Boke pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, haki ni yako. Ng'ombe ulitoa mchana kweupe, tuliona. Kaa kimya. Usiguse kitu chochote."

Boke aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Aliwajua wanaume wa ritongo. Wangwe alikuwa na ndugu wengi, alikuwa na bia, na alikuwa na doa. Boke aliliogopa doa kuliko bia. Alikulia kwenye nyumba ya wafugaji. Ameona kesi za wizi tangu akiwa mtoto, na ameona jinsi mambo yanavyokwenda: watu watabishana kutwa nzima juu ya maneno, lakini mtu akionyesha chapa kwenye paja la ng'ombe, maneno yanakwisha. Macho yakishaona, masikio hayana kazi. Siku ya ritongo Wangwe hangehitaji kusema. Angesimama tu karibu na Editha.

Basi akaamua kwamba doa litoke.

Nesi wa zahanati, Agustina, mwanamke wa Songea aliyeletwa na serikali, ndiye aliyemwambia kwamba Mwanza kuna kliniki ya ngozi yenye mashine ya leza. "Ni mwanga, mama. Unapigwa kwenye ngozi, unavunja ile rangi kidogokidogo, mwili unaisafisha wenyewe. Si kisu wala si dawa ya kupaka."

"Unatoa kabisa?"

"Hilo atakwambia daktari."

Boke hakusubiri kusikia zaidi. Aliuza dume lake moja, akamchukua Editha, wakapanda basi.

Daktari aliitwa Gasto, kijana Mhaya mwembamba mwenye miwani. Aliwasalimia vizuri sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa hicho kitu."

Daktari alicheka. Aliwasha taa, akalitazama doa kwa karibu, akalibonyeza kwa kidole. Kisha akaanza kueleza, naye Boke akamkatiza.

"Kuna mwanaume kule kwetu ana doa kama hili. Anasema ni chapa yake."

"Doa hili mtu harithi kwa baba wala kwa mama," alisema daktari. "Ni rangi iliyotakiwa kwenda juu ya ngozi wakati mtoto anaumbwa, ikakwama njiani. Mtu anaweza kuwa nalo Tarime, mwingine akawa nalo Japani, na wala si ndugu."

"Kwa hiyo huyo si baba yake?"

"Huyo simjui, mama. Ninachokwambia ni kwamba doa haliwezi kuwa shahidi. Haliwezi kumkubali wala kumkataa."

"Kule kwetu litasikilizwa," Boke alisema. "Hawatakuja kukuuliza wewe. Kwa hiyo liue."

Daktari akaacha kuzungumza na Boke. Alimgeukia Editha. "Na wewe mwenyewe unataka?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Editha alimtazama bibi yake, kisha akamtazama daktari. "Nataka," alisema. "Nataka mtu akiniona asianze kutafuta aliyenipiga."

"Haya. Lakini halitoki kwa siku moja. Utakuja mara nyingi, kila baada ya miezi kadhaa. Linafifia polepole. Wakati mwingine linabaki kidogo. Na ngozi nyeusi kama zetu ukiiharakisha inaweza kubaki na mabaka meupe, kwa hiyo mimi siharakishi."

"Mara nyingi!" Boke aliruka. "Ng'ombe tunamchoma mara moja tu, inaisha!"

"Huyu si ng'ombe, mama," alisema daktari.

Walimpaka Editha dawa ya ganzi, wakangoja. Wakamtia kikombe kidogo cha chuma ndani ya kope ili mwanga usiharibu jicho. Boke alipewa miwani mikubwa ya kijani, akaruhusiwa kukaa karibu. Mashine ilianza kulia, ta, ta, ta, kama mpira wa manati unaofyatuliwa kwenye ngozi, na kila ilipolia kidole kimoja cha mguu wa Editha kilikunjika. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumbani. Boke aliijua harufu ile. Ni harufu ya zizi siku ya kuchoma chapa. Doa lilibadilika palepale, likawa jeupe kama majivu, na mtoto akatoa sauti kooni.

Boke alimkamata daktari mkono. "Unamuua!"

"Bibi, mwache!" Editha alisema huku meno yameumana. "Mwache amalize!"

Daktari alimaliza. Aliwaambia kwamba uso utavimba, kisha utafanya magamba meusi, na magamba yatatoka yenyewe. Wasiyabandue. Wasipake majani wala dawa ya mtu. Mtoto asipigwe na jua.

Basi lilipofika Tarime, jicho la Editha lilikuwa limefumba. Walipopanda Noah, gari dogo la abiria, ya kwenda Nyamwaga, mwanamke mmoja alimwona akapiga kelele. "Jamani! Mmemwagia nini huyu mtoto?" Boke alimwambia ashike adabu yake. Mwanamke hakushika. Kabla hawajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika: Boke amemchoma mtoto uso. Wengine walisema ni tindikali, wengine wakasema ni pasi ya mkaa.

Winfrida alimpokea binti yake mlangoni. Alimtazama uso kwa muda, akagusa sikio lake, mahali ambapo hapakuwa na kidonda. "Inauma?"

"Inawasha."

"Basi usikune," alisema, akaenda kumchemshia uji.

Siku ya ritongo walikaa kwenye uwanja ulio juu ya mto, wanaume mbele na wanawake nyuma. Boke alikuja amemshika Editha mkono, mtoto amefunikwa khanga kichwani hadi puani. Winfrida aliwafuata. Boke alikuwa ametulia. Alikuwa ameyapanga maneno yake, na alijua kwamba Wangwe akisimama kuonyesha macho, kwa Editha atakuta magamba tu, na magamba si doa.

Wangwe hakungoja kuitwa. Alivuka uwanja akiwa na panga lake kiunoni ndani ya ala ya ngozi, nyuma yake wakiwa ndugu zake, akaishika ile khanga akaivuta.

Watu waliguna wote pamoja. Shavu la Editha lilikuwa gamba moja jeusi, limepasuka pembeni, na chini ya jicho palikuwa pekundu.

Wangwe alilikodolea macho gamba. Boke alimwona akifikiri. Kisha alirudi nyuma hatua chache, akaweka viganja mdomoni, akapiga yowe.

Halikuwa yowe la mtu aliyepigwa au aliyefiwa. Lilikuwa yowe la ng'ombe, linalopigwa mifugo ikiibwa. Katika nchi ile yowe la ng'ombe halina maswali. Mwanaume akilisikia anaacha ugali mezani, anaacha mgonjwa kitandani, anachukua panga na kukimbia, na akifika ndipo anauliza nani wa kupiga. Vilima vikaitikia. Vijana wakaanza kushuka kutoka kwenye migomba na mashamba ya mahindi, wengine na marungu, wengine na pinde.

"Amefuta chapa!" Wangwe alipiga kelele. "Boke amefuta chapa! Mnamjua mtu anayefuta chapa anaitwa nani? Semeni!"

"Mwizi!" alijibu ndugu yake Isack.

"Semeni tena!"

"Mwizi!" uwanja ukajibu, na safari hii hata watu wa Nyamwaga walikuwemo.

Mniko alimfikia Boke. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Mama, umefanya nini? Kesi ilikuwa yako! Nilikwambia usiguse kitu!"

"Ni doa lilelile analosema ni—"

"Mtu hachomi chapa ya kwake," Mniko alisema. "Ukiiona imechomwa, unajua ng'ombe si wake. Kila mtoto hapa anajua. Ungeliacha usoni pale, tungemwambia Wangwe arudi kwao. Sasa umewaambia watu wote, kwa mkono wako, kwamba doa lilikuwa linasema kweli."

Boke aliuachia mkono wa Editha. Aliona kosa lake lote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeona shimo akiwa tayari yuko hewani. Ameona ng'ombe wangapi wenye mapaja yaliyobabuliwa wakiletwa kwenye uwanja huuhuu? Na yeye mwenyewe, kila mara, alipaza sauti pamoja na wengine. Hakuna aliyewahi kuuliza yule mtu alifuta kwa nini.

Pigo la kwanza lilimpata mgongoni.

Alianguka kifudifudi, akageuka, akakinga kwa mkono wa kushoto, na rungu likauvunja mkono ule juu kidogo ya kiwiko. Aliusikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Mtu mwingine alimpiga teke mbavuni. Alimuuma mtu mmoja mguu, akahisi soksi na nyama ndani ya mdomo, akauma zaidi mpaka walipompiga tena kichwani. Winfrida alimlalia juu bila kusema neno. Walimpiga na yeye. Walimvunja meno ya mbele, naye hakuinuka. Alimkumbatia mumewe huyo mzee kama mtu anayekinga moto usizimwe na upepo.

"Leteni mafuta!" mtu alipiga kelele.

Kijana mmoja alikuwa amekuja na pikipiki. Alichomoa mpira wa petroli. Boke alihisi ubaridi wa petroli kwenye miguu, akasikia harufu yake, akajua hawatanii.

"Nilitaka mwenyewe!" Ilikuwa sauti ya Editha. "Sikuchomwa! Nilipelekwa kwa daktari, akaniuliza mimi, nikasema nataka! Uso ni wangu!"

"Funga mdomo," Wangwe alisema. "Tumeshamaliza. Twende nyumbani kwa baba yako."

Alimshika nywele, akamzungusha, akaanza kumkokota. Mkono wake mwingine ulimkamata usoni ili asipige kelele, ukalibandua lile gamba lote, na damu ikamtiririka Editha mpaka shingoni. Mtoto alilia mara moja tu. Wangwe alimbana kwapani kama mbuzi wa kununua, kichwa cha Editha kikiwa chini, karibu na kiuno chake, na pale kiunoni kulikuwa na panga.

Boke aliona kila kitu akiwa chini, kupitia miguu ya watu. Alimwona Editha akilichomoa panga kwa mikono miwili. Hakulirusha hovyo kama wanavyofanya watoto. Alilivuta chini, akaugeuza mwili wake, akaupiga ule mkono uliokuwa umeshika nywele.

Panga la mchuuzi wa ng'ombe halikosi makali. Liliingia juu ya kiganja mpaka likagonga mfupa. Vidole viwili vilibaki vinaning'inia. Wangwe aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akalia, sauti nyembamba ambayo hakuna aliyedhani inaweza kutoka kwenye shingo ile nene. Alikaa chini kwenye majani.

Waliokuwa wakimpiga Boke waliacha. Kijana wa petroli alisimama na kibiriti mkononi, akasahau kukiwasha.

Isack alikuwa wa kwanza kupata akili. Alilipandisha panga lake juu ya kichwa cha Editha, ambaye alikuwa bado ameshika lile jingine, damu ya uso wake imechanganyika na ya Wangwe.

"Isack!" Boke aliita. Alitema damu ili apate kusema. "Isack, mura, kijana wewe! Kabla hujalishusha hilo panga, uliza kwanza huyo ni mtoto wa nani!"

Panga lilibaki juu.

"Uliza kaka yako! Akisema ni wake, basi ni damu yenu. Mkate. Uue mtoto wa kaka yako mbele ya ukoo wako, halafu uone nani atakula na wewe sahani moja, na nani atakupa binti yake."

Isack aliteremsha panga kidogo. Hakuna kitu wanachokiogopa watu wale kama kumwaga damu ya ukoo wao. Alimtazama kaka yake. "Wangwe?"

Wangwe alikuwa ameukumbatia mkono kifuani.

"Mniko," Boke alisema, sasa kwa sauti ya chini, kwa sababu mbavu zilimzuia. "Wewe ndiye mwenye ritongo. Mtoto akimkata baba yake mzazi, nani analipa?"

Mniko alielewa. Aliwatazama watu, akangoja wanyamaze, na watu walinyamaza, kwa sababu sasa lilikuwa swali la ng'ombe. "Hakuna anayelipa," alisema. "Hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Anachinja beberu, anawaita wazee, anaosha laana, kwa gharama yake."

"Na mtoto wa mtu mwingine akimkata?"

"Mwenye mtoto analipa ng'ombe. Mkono kama huo," Mniko aliutazama ule mkono bila huruma, "ni ng'ombe wengi."

"Haya," alisema Boke. "Wangwe, sema. Uwanja wote unasikiliza. Mtoto huyu ni wako, au ni wangu?"

Wangwe aliinua kichwa. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye doa lake. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kununua na kuuza, hata akiwa anavuja damu, hesabu haimwachi. Alimwona binti mwenye panga, ambaye mzee wa Sirari akisikia kisa hiki hatamtaka hata bure. Aliona beberu la kuosha laana. Aliwaona watu wakicheka kwenye kila mnada, kwamba Wangwe amekatwa vidole na mwanawe. Upande wa pili aliona zizi la Boke.

"Ni wake!" alipiga kelele. "Shetani huyo ni wa Boke! Anilipe!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, mwanamke. Kisha wakacheka wengi.

"Rudia," Boke alisema.

"Ni wa Boke! Mmesikia wote! Nataka ng'ombe zangu!"

"Na chapa?" Mniko aliuliza.

"Chapa gani! Mimi sina chapa kwa huyo! Nipelekeni hospitali, mnataka nife?"

Boke alilaza kichwa kwenye mapaja ya Winfrida. Alikuwa ananuka petroli na mkono wake ulikuwa umeelekea upande ambao mkono hauelekei. "Atalipwa," alisema. "Mtoto wangu amekata mtu. Ninalipa."

Hospitali waliambiwa kwamba panga liliteleza kwenye kukata majani ya ng'ombe, na kwamba wanawake wawili walianguka kwenye mawe. Daktari wa zamu hakuamini, lakini alishona. Polisi hawakupata mtu wa kuwapa jina. Kabla ya mwezi kwisha ndugu za Wangwe walikuja Nyamwaga wakaswaga ng'ombe kutoka zizini kwa Boke, wakaacha mmoja, jike la mateke ambalo hakuna aliyelitaka. Wangwe hakuja mwenyewe. Vidole havikuunga.

Kidonda cha Editha kilipona polepole. Mahali gamba lilipobanduliwa kwa nguvu palibaki kovu lililopauka chini ya jicho, na hilo daktari aliambiwa kwa simu, akasikitika, akasema watalishughulikia. Sehemu nyingine doa lilikuwa limefifia kweli, kama wino uliomwagiwa maji.

Jioni moja Boke alikaa mlangoni, mkono umefungwa plasta, akitazama zizi lake tupu. Winfrida alikuwa anapukuchua mahindi. Siku hizi alizungumza kwa shida kwa sababu ya meno, lakini alizungumza zaidi kuliko zamani.

"Mama, siku ya kurudi Mwanza imekaribia."

"Kurudi kufanya nini?" alisema Boke. "Kesi imekwisha. Hakuna wa kumdai tena. Hata likibaki, libaki."

Editha alikuwa nyuma yao, anafua sare za shule. Aliacha kufua. "Kesi yako ndiyo imekwisha, bibi. Yangu bado."

"Yako ipi?"

"Jana mwalimu mgeni ameniuliza nani kanipiga."

Boke aliwatazama kuku wakiingia ndani mmoja mmoja. Alifikiri juu ya uwanja ule, juu ya mtoto aliyekokotwa kwa nywele huku akipiga kelele kwamba uso ni wake, na kwamba katika watu wote waliokuwepo, wenye panga na wenye kibiriti na yeye mwenyewe aliyelala chini, hakuna aliyekuwa amelisikiliza neno lile.

"Huyu ng'ombe aliyebaki," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Amenipiga teke asubuhi. Ng'ombe mbaya kabisa. Winfrida, kesho mpeleke mnadani, sitaki kumwona hapa."

"Na hela?" Winfrida aliuliza.

"Mpe mwenye uso," alisema Boke, akajiinua kwa mkono mmoja, akaingia ndani.